Barua ya 1842 yenye neno "nakala": je, nimeuziwa feki?

"Shikamoo Mwalimu. Nyumbani ni Tanga, kwa sasa naishi Liverpool. Mwezi uliopita nilinunua barua ya zamani kwenye soko la mitumba la Jumapili kwa pauni 12. Imeandikwa kwa mkono New York, kwenda kwa kampuni moja ya hapa Liverpool. Juu kabisa pana neno la Kiingereza lenye maana ya nakala, na tarehe 20 Septemba 1842. Katikati ya ukurasa wa pili pamepigwa mstari, kisha tarehe nyingine, 28 Septemba, na mwandiko unaendelea. Haina bahasha wala stempu, imekunjwa tu na ina doa jekundu la lakiri. Ndani mlikuwa na karatasi ndefu nyembamba ya pauni 300, inayosema ni 'ya pili', ilipwe iwapo ya kwanza na ya tatu hazijalipwa, na inataja marobota 50 ya pamba. Barua nayo inasema 'hawala 107'. Sielewi kitu. Mume wangu anasema nimeuziwa fotokopi ya kale, na kwamba hao walikuwa matapeli wanaodai deni moja mara tatu. Je, ni ya kweli? Ina thamani? Naweza kuipiga pasi ili inyooke niiweke kwenye fremu sebuleni?"

Marahaba, binti yangu. Kabla ya yote, pasi irudishe kabatini. Tutaizungumzia mwishoni, lakini usiiguse kabla hujamaliza kusoma.

Mimi sijaishika karatasi yako, kwa hiyo siwezi kukuapia. Ninachoweza kusema ni kwamba kila jambo linalowatia shaka ninyi wawili ndilo hasa ningetarajia kulikuta kwenye barua ya kweli ya mfanyabiashara wa New York wa mwaka 1842. Mtu wa kughushi angekutengenezea kitu cha kuvutia: stempu, muhuri mkubwa, jina la mtu maarufu. Asingejisumbua kuandika neno "nakala" juu ya kazi yake mwenyewe.

Tuanze na neno hilo. Sisi leo tukisikia nakala tunafikiri kitu cha chini, kivuli cha kitu halisi. Kwa mfanyabiashara wa Atlantiki nakala ilikuwa bima. Barua yake ilisafiri ndani ya mbao, juu ya maji, wakati wa dhoruba na barafu, na hakuna aliyemhakikishia kwamba chombo kingefika. Machi 11, 1841, mwaka mmoja na nusu tu kabla ya barua yako, meli ya moshi iitwayo President iliondoka New York kuelekea Liverpool ikiwa na watu 136. Haikuonekana tena. Mfanyabiashara aliyeweka barua yake humo bila kuandika ya pili alibaki anasubiri jibu la swali ambalo halikumfikia mtu. Yule aliyetoa nakala kwa chombo kingine, biashara yake iliendelea.

Kwa hiyo utaratibu ulikuwa huu. Karani anaandika barua tarehe 20 na kuipeleka kwenye chombo cha kwanza kinachoondoka. Siku chache baadaye kuna chombo kingine. Karani anachukua karatasi mpya, anaandika juu kwamba hii ni nakala, ananakili barua ya tarehe 20 neno kwa neno, anapiga mstari, kisha chini yake anaandika habari mpya: bei zimepanda au zimeshuka, nani amefilisika, hali ya hewa imeharibu mazao au la. Sasa utaona mstari wako wa ukurasa wa pili unafanya kazi gani. Juu yake ni nakala ya 20 Septemba. Chini yake ni barua halisi ya 28 Septemba, ambayo haijawahi kuwa nakala ya chochote. Mwambie mume wako amekosea nusu tu.

Kuna jambo jingine ninalolipenda sana kwenye barua za miaka hiyo: nakala mara nyingine ilifika kabla ya barua ya kwanza. Mwaka 1842 vyombo vya aina mbili vilishindana juu ya maji yaleyale. Upande mmoja kulikuwa na marikebu za matanga zenye ratiba. Utaratibu huo ulianzishwa na kampuni ya Black Ball, ambayo marikebu yake James Monroe iling'oa nanga New York tarehe 5 Januari 1818 huku theluji ikianguka, kwa sababu tu siku iliyotangazwa ilikuwa imefika. Kabla ya hapo nahodha alisubiri mpaka shehena ijae, hata kama ni mwezi mzima. Marikebu hizo, zikisukumwa na upepo wa magharibi, zilifika Liverpool kwa wiki tatu hivi, na kurudi zikipambana na upepo huohuo kulichukua wiki tano au zaidi. Upande wa pili kulikuwa na meli za moshi za Samuel Cunard, zilizoanza Julai 1840 kwa safari ya Britannia kutoka Liverpool hadi Halifax na Boston, siku 14 hivi. Hebu piga hesabu: barua iliyoondoka New York kwa tanga baada ya tarehe 20 na nakala iliyopelekwa Boston kupanda meli ya moshi mwanzoni mwa Oktoba zingeweza kufika wiki ileile, na ya pili ikatangulia. (Na neno letu "meli" lenyewe ni mtoto wa zama hizo. Linatokana na neno la Kiingereza la barua za posta, kwa sababu meli zilizobeba posta ndizo zilizokuja na moshi.)

Utajuaje yako ilipita njia gani? Igeuze. Karani wa Liverpool alipoipokea aliikunja kwa urefu na kuandika kwenye ubavu mistari mitatu midogo: nani ameandika na lini, imepokelewa lini, imejibiwa lini. Wengi huiona mistari hiyo kama uchafu. Kwa mtu wa kazi yangu ndiyo pa kuanzia. Ukikuta imepokelewa kati ya tarehe 13 na 16 Oktoba, imekuja kwa moshi. Ikipokelewa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, inaelekea ni tanga.

Suala la stempu na bahasha halinisumbui kabisa. Uingereza ilitoa stempu yake ya kwanza Mei 1840 kwa barua za ndani, na Marekani haikuwa na stempu za taifa hadi Julai 1847. Bahasha nayo ilikuwa anasa ya kijinga, kwa sababu hadi 1845 posta ya Marekani ilitoza kwa idadi ya vipande vya karatasi. Bahasha ingehesabiwa kipande kimoja zaidi, ukalipa mara mbili. Ndiyo maana barua ilikunjwa ikawa bahasha ya nafsi yake, ikagandishwa kwa lakiri. Sasa tazama upande wa anwani, kwenye pembe, kama kuna namba ya mkono. Kutoka New York hadi Boston kila kipande kililipiwa senti 18 na robo tatu. Barua yako ilikuwa na vipande viwili, yaani barua yenyewe na ile karatasi nyembamba. Ukikuta 37½ imeandikwa pale, utakuwa umeshika ushahidi ambao mghushi wa kawaida hawezi hata kuuwaza. Tafuta pia alama inayofanana na 1 na mkwaju mbele yake: ni shilingi moja, nauli ya bahari aliyotozwa mpokeaji hapo Liverpool. Ukikosa alama zote usikate tamaa, maana barua nyingi zilipita kwenye mifuko ya manahodha, au zilisafiri pamoja na shehena kwa mpokeaji wa mzigo bila kulipiwa posta.

Sasa ile karatasi ndefu, ambayo nadhani ndiyo iliyomfanya mume wako aone utapeli. Hiyo ni hawala. Ungekuwa Unguja ya karne hiyohiyo ungeikuta ndugu yake mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi, ikiitwa hundi, jina ambalo leo tumeipa karatasi ya benki. Kosa analofanya, na wasomi wengi hulifanya pia, ni kudhani kwamba aliyeandika barua ndiye aliyeandika hawala. Linganisha majina na saini. Nina hakika kiasi cha kutosha kwamba utakuta watu wanne tofauti.

Mtu wa kwanza alipeleka pamba Liverpool, marobota 50. Hakutaka kungoja miezi mpaka pamba iuzwe, kwa hiyo aliandika hawala akimwamuru dalali wake wa Liverpool, mtu wa pili, alipe pauni 300 baada ya muda fulani, mara nyingi siku 60 tangu aonyeshwe. Kisha akaiuza karatasi hiyo palepale New York. Aliyeinunua, mtu wa tatu, ndiye mwandishi wa barua yako: alikuwa na deni Liverpool, labda la vitambaa au vyombo vya udongo, na alihitaji pauni za kulipia. Akaweka hawala ndani ya barua na kumpelekea mdai wake, mtu wa nne, ambaye ndiye mwenye anwani. Mdai anaipeleka kwa dalali wa pamba. Dalali anaandika juu yake kwamba amekubali, na muda ukitimia analipa. Tazama uzuri wake: pamba imelipa deni la vitambaa na hakuna hata sarafu moja ya dhahabu iliyovuka bahari.

Hesabu zenyewe zinakubaliana. Tukikadiria robota moja ratili 400, marobota 50 ni ratili 20,000. Pamba ilikuwa rahisi mwaka ule, tuseme peni 5 kwa ratili: peni 100,000, ambazo ni pauni 416 na kidogo, maana pauni moja ilikuwa peni 240. Desturi ilikuwa kukopesha sehemu ya thamani tu, mathalani robo tatu, ili bei ikianguka dalali asiumie. Robo tatu ya pauni 416 ni 312. Mwenye pamba akachukua 300. Ni mtu mwangalifu.

Na kwa nini ziwe tatu? Kwa sababu ileile ya barua. Hawala ikizama, fedha imezama. Kwa hiyo ziliandikwa tatu zenye maneno yaleyale, na kila moja ikitaja wenzake: lipa hii ya pili iwapo ya kwanza na ya tatu hazijalipwa. Ya kwanza ilikwenda na barua ya tarehe 20. Ya pili ilikwenda na nakala. Ya tatu ilibaki New York ndani ya droo mpaka habari njema irudi. Moja ikishalipwa, zilizobaki ni karatasi tupu. Sentensi ambayo mume wako ameisoma kama utapeli ndiyo kufuli la kuzuia utapeli. Sisemi hawakuwepo wezi. Walikuwepo waliomuuzia mtu mmoja ya kwanza na mwingine ya pili, ndiyo maana kila jina nyuma ya hawala lilichunguzwa kwa jicho kali, na nyumba za biashara ya fedha kama Baring au ndugu wa Brown zilitajirika kwa sababu tu saini yao haikutiliwa shaka upande wowote wa bahari.

Fikiri jambo moja zaidi. Hawala ikilipwa ilibaki kwa aliyelipa. Yako imebaki ndani ya barua ya mdai. Kama usoni haina maneno ya kukubaliwa, yaliyoandikwa kwa kukingama juu ya maandishi mengine, maana yake ya kwanza ilifika salama, ikalipwa, na hii ya pili ikawekwa kwenye faili kwa kuwa haikuhitajika tena. Na ikiwa imekubaliwa, basi ya kwanza ilipotea au ilichelewa, na hapo una hadithi kubwa zaidi. Lakini usiende nayo benki. Hakuna wa kukulipa hizo pauni 300.

"Hawala 107" si riba, wala si namba ya hati. Ni bei ya pauni mjini New York. Kwa mazoea ya zamani wafanyabiashara walihesabu pauni kuwa dola 4.44, thamani ambayo ilikwisha kupitwa na wakati, halafu wakasema bei ya siku kwa asilimia juu yake. Kwa 107, pauni ilikuwa dola 4.75 na kitu, na hawala ya pauni 300 ilimgharimu mnunuzi dola 1,426 na senti 67. Thamani ya kweli kwa uzito wa dhahabu ilikuwa karibu dola 4.87, yaani 109 na nusu. Kwa hiyo mwandishi wako alinunua pauni kwa bei nafuu, na nisingeshangaa kama amejisifu kidogo chini ya ule mstari. Mazoea hayo ya 4.44 yaliendelea mpaka sheria ya Marekani ilipoyafuta mwaka 1873. Watu wengi wamekosea hesabu zao za historia hapo, mimi nikiwemo.

Kuna kitu ambacho barua yako haitakisema, na ningekuwa mwalimu mbaya nikikipita. Barua za namna hii husema mavuno yanaendelea vizuri, mvua imechelewesha uchumaji, ubora ni wa wastani. Huwezi kukuta nani anachuma. Sensa ya Marekani ya 1840 ilihesabu watumwa karibu milioni 2.5, na pamba ya kusini ilitoka mikononi mwao. Na usidhani jambo hilo liko mbali na Tanga. Pamba hiyohiyo ilifumwa pia kwenye viwanda vya Massachusetts ikawa kitambaa kigumu cheupe, kikapakiwa bandari ya Salem, kikaja Unguja baada ya mkataba wa Septemba 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said. Bibi zetu walikiita merikani. Walikivaa, na misafara ikakitumia kama fedha hadi maziwa makuu. Barua za Salem na Unguja nazo zipo. Karatasi za Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja kuanzia 1837, zimehifadhiwa kwenye maktaba ya Phillips ya makumbusho ya Peabody Essex, na zina lugha ileile kavu ya bei na shehena.

Uhalisi unaweza kuupima mwenyewe kwa macho kabla ya kumwendea mtu. Inua karatasi mbele ya dirisha, siyo jua kali, utafute alama ya maji, yaani maandishi yaliyotiwa ndani ya karatasi yenyewe ilipotengenezwa. Watengenezaji wengi wa Kiingereza waliweka jina lao na mwaka. Mwaka ukiwa 1841, vizuri. Ukiwa 1850, umeibiwa. Karatasi ya wakati ule ilitokana na matambara, ni laini na ina nguvu. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kama mkate mkavu, inaelekea ni ya baadaye. Wino unatakiwa uwe umegeuka kahawia na kuonekana umezama ndani. Fotokopi ya kale anayoisema mume wako ilikuwepo kweli: James Watt alipata hataza ya mashine ya kunakili kwa kugandamiza tangu 1780. Lakini nakala ya mashine hiyo iko kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, maandishi yake yamefifia na kusambaa, na ilibaki kwenye kitabu cha aliyeandika. Haikukunjwa wala kutiwa lakiri.

Kuhusu thamani nitakuwa mkweli. Barua za kibiashara kati ya New York na Liverpool zimebaki kwa maelfu, kwa hiyo hutanunua nyumba. Kwa pauni 12 hukuibiwa hata kidogo, hasa kwa kuwa hawala imo bado. Usizitenganishe hata mtu akikubembeleza kununua moja. Zikiachana, barua inakuwa haijui imebeba nini na hawala haijui imetoka wapi.

Pasi, sasa. Wino ule una chuma na asidi. Ukiupa joto na mvuke unaanza kuila karatasi, na lakiri itayeyuka ichafue kila kitu. Usiiweke kwenye plastiki ya kugandisha, wala usitie utepe wa gundi kwenye mikunjo. Nilipoanza kazi hii nilibandika utepe kwenye barua moja nikidhani naiokoa. Doa la manjano bado lipo na kila nikiiona naona haya. Iweke wazi kiasi inavyokubali yenyewe, ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu pasipo jua. Sebuleni weka picha yake iliyochapishwa, na hakuna mgeni atakayejua tofauti.

Yapo mambo ambayo lazima uonane na mtu uso kwa uso. Ukiona wino umetoboa karatasi, au kuna ukungu wenye vumbi jeusi au kijani, usijaribu kusafisha. Mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi karatasi. Ukitaka kuiuza au kuikatia bima, tafuta mthamini wa historia ya posta, na umwonyeshe yote mawili. Na ukitaka tu kujua ulichonacho, una bahati ya kuishi Liverpool: wapigie simu hifadhi ya nyaraka ya maktaba kuu ya jiji uwaulize namna ya kuileta waione.

Ukienda, beba swali moja mahususi. Soma hawala tena taratibu, uone kama baada ya marobota 50 limetajwa jina la chombo kilichoyabeba, au kama pembeni pamechorwa rajamu ya mzigo, herufi mbili tatu ndani ya msalaba au almasi. Forodha ya Liverpool ilikuwa ikichapisha orodha za vyombo vilivyoingia, vimebeba nini na mzigo ni wa nani. Ukiwa na jina la chombo na vuli ya 1842, karani wa hifadhi anaweza kukufungulia ukurasa ambapo marobota yale 50 yameshushwa. Piga picha ya ukurasa huo, uniletee na mimi niuone.